Mji Wangu wa Kachi

Mafundi waliokuwa wakikandika ukuta katika mtaa wa kale wa Ibra, huku Omani, mwezi uliopita hawakuelewa kwa nini mwanamke mzima, mwenye miwani na viatu vya ofisini, aliinama akachota udongo wao, akaunusa, kisha akaufunga kidogo kwenye karatasi na kuutia mkobani. Mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia la. Ulikuwa udongo mbichi uliochanganywa na majani makavu, na ukishakaa siku mbili tatu unatoa uchachu fulani ambao pua yangu inaujua tangu nilipokuwa na miaka kumi. Kwa udongo wa namna ile niliwahi kujenga mji mzima, na kwa ajili ya mji ule niligombana na kila mtu niliyempenda na mmoja nisiyempenda. Hadi leo sijaomba radhi, na sina nia ya kuomba.

Nyinyi wa rika langu, mliozaliwa huku na wazee waliotoka kule, mtanielewa upesi. Nyumbani tulikuwa wanne. Alikuwapo Bibi, mzaa baba, alikuwapo Mama, nilikuwapo mimi, na Baba tulimwona mwisho wa wiki tu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa Maskati. Bibi alizaliwa Unguja mjini, na kila alichokiona Ibra alikipima kwa kile cha Mjini. Ndimu za Mjini zilikuwa na maji zaidi. Mvua ya Mjini ilikuwa na adabu, ilinyesha ikamaliza. Hata nzi wa Mjini, kwa maelezo yake, hawakuwa na ufidhuli kama hawa. Habari ya kuondoka kwao siku za mapinduzi niliisikia mara nyingi hadi nikawa namkumbusha akiruka pahala: chungu cha wali kilikuwa mekoni, mlango uliachwa wazi, wakatoka na furushi moja la nguo na mtoto mmoja mgongoni, ambaye ndiye baba yangu.

Hiyo ndiyo historia niliyoijua kabla ya historia ya skuli, na iliniharibu macho. Nilisadiki kwamba mji wowote uliobaki magofu umeachwa kwa mbio, siku moja, na kwamba yupo mtu wa kulaumiwa. Kila asubuhi njia ya skuli ilinipitisha kwenye mtaa wa kale, penye majumba makubwa ya udongo yaliyojengwa na matajiri wa zamani kwa mali ya Bara na Unguja. Dari zilikuwa zimeanguka, milango ya nakshi imepinda, popo wamejaa vyumbani. Wenyewe walikuwa wamehamia nyumba za saruji zenye viyoyozi, hatua chache kutoka pale, tena kwa hiari yao, wakicheka. Mimi sikulijua hilo. Nilichungulia majikoni kutafuta vyungu vilivyoachwa na wali ndani. Siku moja nilimuuliza Mama waliowafukuza watu wa hapa wako wapi sasa, akaniambia nifunge kamba za viatu, tunachelewa.

Mama alikuwa na sheria moja: Kiswahili ni cha ndani ya nyumba. Tukivuka kizingiti tu, anageuza ulimi. "Usitutie machoni mwa watu," alikuwa akiniambia, na sokoni Jumatano, siku ya soko la wanawake, alimvuta Bibi mkono kila Bibi alipoanza kusifu au kutukana bitana kwa lugha yake. Mimi kwa upande wangu nilikuwa na Kiarabu kilichopinda. Nilikisema haraka, nikachanganya dume na jike, na wasichana darasani wakaniita Zinjibariya, neno ambalo linataja tu mtu wa Unguja, lakini walilitamka wakiwa wamekunja pua.

Pahala pekee pasipokuwa na mwenye Kiarabu kilichonyooka palikuwa dukani kwa Velji. Huyu alikuwa fundi cherehani wetu, aliyetushonea sare za skuli, mtu wa Kachi kule India, mwembamba, mwenye pini mdomoni saa zote. Bibi alimpenda kwa sababu majirani zake wa Mjini walikuwa Wakachi, na mapenzi yake aliyaonyesha kwa kumgombeza juu ya mikono ya magauni. Kiarabu cha Velji kilikuwa cha dukani, yeye akimwita kila mtu kama mwanamke, hata polisi. Nakiandika hapa kwa Kiswahili kwa kuwa ndivyo kilivyobaki kichwani mwangu.

Ukutani, juu ya cherehani, alikuwa amebandika picha iliyokatwa gazetini. Ilionyesha ngazi za mawe zikishuka ndani ya shimo kubwa la mraba, halina maji, na watu wadogo wadogo chini wakiwa na makarai. Siku Bibi alipokuwa akibishania upana wa kwapa, nilimuuliza Velji pale ni wapi.

"Kwetu," alisema. "Kachi. Mji wa watu wa zamani mno. Ndugu yangu anabeba karai huko, wanauchimbua. Hilo ni birika lao la maji."

"Nani aliwapindua?"

Velji alitoa pini mdomoni. "Aliwafanya nini?"

"Watu wa mji. Nani aliwafukuza?"

"Hakuna aliyewafukuza, binti. Mji ulikuwa baina ya mito miwili, kama wadi zenu hizi, inapita maji ikinyesha mvua tu. Mvua ikapungua. Wengine wakenda, wengine wakabaki, wakajenga vijumba vidogo vya duara juu ya nyumba kubwa za babu zao. Halafu na hao wakenda. Miaka mingi, mingi."

"Haiwezekani," nilisema.

Bibi aliacha kwapa. "Msamehe, Velji. Mtoto huyu ataka mapinduzi kila pahala."

Nilitoka mle nimekasirika kweli. Nilihisi Velji ananificha jambo, kama wakubwa wanavyoficha. Mji uliokufa bila ya adui ulinitisha kuliko mji uliovamiwa, kwa sababu nilikuwa sijui nimchukie nani. Kesho yake nikarudi peke yangu baada ya skuli ili nimbane aseme ukweli, na kesho kutwa pia. Ukweli wake ukawa uleule. Ila alipochoka na maswali yangu juu ya kufa kwa mji, alianza kunihadithia kukua kwake, na hapo ndipo aliponikamata.

Alisema mji hauanzi mkubwa. Ule wa Kachi ulianza na ngome ndogo tu, ya watu wachache waliokuja na ufundi wao kutoka kwengine. Wakajenga ukuta mnene kuliko walivyouhitaji, kwa kuwa walikuwa wageni na hawajui watakutana na nini. Kisha wakaja wengine. Nyumba zikatoka nje ya ukuta, wakazungushia ukuta mwingine. Tetemeko likaja likaangusha, wakajenga tena, wakaongeza kiwanja kikubwa cha sherehe, wakaongeza mji wa kati, na ulipojaa wakaongeza wa chini. Walichonga mabirika kwenye mwamba ili mvua ya siku mbili iwanyweshe mwaka. Walikuwapo wachonga shanga, wapasua kome, wafua shaba. Na kila tofali walilofyatua lilikuwa la kipimo kimoja: kimo moja, upana mbili, urefu nne. Kubwa au dogo, moja, mbili, nne. Velji alinionyesha kwa futi yake ya kupimia, akachora chaki kwenye kitambaa cha mtu.

Alinambia na jambo jengine. Mlango wa kaskazini wa mji ule ulikuwa na ubao mrefu juu yake, wenye alama kumi zilizotengenezwa kwa vipande vya jiwe jeupe. Ubao ulianguka kifudifudi, mbao zikaoza, alama zikabaki kwenye vumbi kwa mpangilio wake. Hakuna mtu duniani anayejua kuzisoma.

"Hata nyinyi Wakachi?"

"Hata sisi. Lugha imekwenda na wenyewe."

Usiku ule Bibi alipokuwa akinisuka nywele nilimuuliza mtu huandika nini juu ya mlango wa mji. Hakufikiri hata kidogo. "Mlangoni kuna neno gani, mwanangu, zaidi ya hodi?" Mimi nikaona ndilo hasa. Mji wa wageni, kila siku anafika mgeni mwengine na lugha yake. Lazima wenyewe waliandika pale juu neno la kupigia mlango, ili kila anayekuja alijue. Nilikuwa na hakika kuliko wachimbuaji wote wa Kachi.

Wiki chache baadaye Abla alitangaza maonyesho. Abla ndivyo tulivyowaita walimu wa kike, na huyu wa historia alitoka nchi nyengine ya Kiarabu, mwanamke mkali, mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya koti, ambaye hakuwahi kuchelewa wala kucheka. Kila msichana ajenge mji wa kale au ngome ya kale. Wazazi wa kike watakuja, na mgeni wa heshima kutoka wizara ya elimu. Karibu darasa zima walitaka ngome ya Nizwa, yenye mnara mkubwa wa mviringo. Zamu yangu ilipofika nilisema nataka mji wa Kachi, India.

"Hujatosheka na Uzinjibari," Abla aliniambia, "sasa wataka na Uhindi?"

Darasa lilicheka. Masikio yaliniwaka moto, lakini ulimi, kwa bahati, haukunitupa. "Abla, wiki iliyopita umetufundisha kwamba shaba ya milima yetu ilichukuliwa kwenda nchi za ng'ambo. Watu wa mji ule walikuwa wafua shaba. Kwa hivyo ndani yake mna kitu chetu."

"Nani amekwambia?"

"Fundi cherehani."

Wakacheka zaidi. Lakini siku ya pili Abla alikuja na kitabu kinene, akanionyesha mstari mmoja kwa kidole, akasema, "Haya, jenga." Kwa hilo nampa haki yake. Ni mtu aliyekwenda kutazama.

Nilijenga uani, juu ya mlango wa kabati bovu, na udongo nilikuwa nautoa kwenye ukingo wa falaj, mfereji uliokuwa ukipita nyuma ya mitende yetu. Velji alikata bati la kopo la maziwa, akalikunja likawa kalibu ndogo ya matofali, sentimita moja, mbili, nne. Mwanzoni Bibi alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake na kukunja uso. "Sie kwetu nyumba ni mawe na chokaa. Udongo ni wa mabanda ya mbuzi." Siku ya tatu aliniambia nachanganya vibaya, maji mengi, majani machache. Siku ya nne alikuwa amefunga leso kiunoni na mikono imemzama hadi viwiko, na uani kwetu kote kukawa kunanuka ule uchachu. Tulifyatua, tukaanika juu ya gunia, tukafyatua tena. Paka alitembea juu ya matofali mabichi, nikayaweka yale yenye nyayo kwenye ukuta wa ngome, pahala yanapoonekana.

Nilikuwa nimemwapia Velji kwamba nitaujenga kama ulivyokua. Wiki ya kwanza ngome peke yake, pembeni mwa ubao, ndogo hata ikatia huruma. Wiki ya pili nikatoka nje ya ukuta. Nilipofika tetemeko niliupiga ubao kwa mchi, nusu ya ngome ikabomoka, na Bibi akapiga yowe kama ameanguka mtu. Ndipo nilipoanza kumsikia akiuongelea mji ule kana kwamba una watu. Mabirika haya nani anayasafisha? Wapasua kome wakae upande wa upepo, wananuka. Mji gani usio na pahala pa wanawake kukaa jioni? Nikamtengenezea baraza. Sijui kama Kachi walikuwa na baraza, lakini mji wangu ulikuwa nazo nne. Kwa majuma yale Bibi hakuutaja Mjini hata mara tatu kwa siku, na mimi nikaanza kuelewa, kwa mikono kabla ya kichwa, kwamba mji ni kazi ya watu wanaofika wakakubali kukaa.

Ubao wa mlango niliumaliza mwisho. Bibi alipika mkate wa mayai kila Ijumaa, na maganda meupe nilikuwa nikiyakusanya. Niliyavunja vipande, nikayapachika kwenye kipande cha mbao kilichopakwa gundi, kwa hati za Kiarabu, jinsi Bibi alivyoandika barua zake zote za Kiswahili maisha yake yote: hodi hodi. Herufi zilikuwa nane. Mbili zilizopungua nikazijaza kwa nyota, moja kila upande, zikatimia kumi.

Abla alipouona mji wenyewe, tulipoufikisha skuli siku mbili kabla ya maonyesho, aliuzunguka polepole. Alihesabu mabirika. Aliinama akatazama mitaro. Alisema ndio mzuri kuliko yote, na nilikuwa bado sijamaliza kufurahi alipouwekea kidole ubao wangu.

"Hii si Kiarabu."

"Ni Kiswahili, Abla. Kwa sababu lugha yao haisomeki, nimeweka—"

"Iondoe. Na atakayeeleza mbele ya wageni ni Shaikha. Ulimi wake umenyooka. Wewe utakaa nyuma ya meza umpe vitu."

Shaikha alikuwa binti wa ukoo mkubwa wa pale Ibra, msichana mpole, hakuwa na kosa lolote. Abla alimwita Mama pia. Mama alikubali yote kabla sentensi haijaisha, akashukuru juu yake. Nilikwenda nyumbani nimejiandaa kupigania kibao changu, na nilikuwa na jeshi: Bibi, aliyewagombeza mafundi, wachuuzi, na jua. Nilimkuta jikoni akivunja mayai, Mama keshamweleza yote.

"Ng'oa," alisema.

Nilidhani sijamwelewa. "Bibi, si weye ulonambia mlangoni huandikwa—"

"Nalijua nlokwambia. Ng'oa, mwanangu. Mie nshatolewa mara moja, sina miguu ya kutolewa mara ya pili."

"Nani atakutoa kwa ajili ya kibao?"

"Na kule sote tulisema vivyo hivyo."

Alisema bila ya kunitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Bibi akiogopa, na badala ya kumwonea huruma nilipandwa na hasira ambayo hata leo naweza kuionja. Nilikuwa nimemjengea mji. Nilimwambia, "Basi wamekushinda mpaka huku," nikatoka uani. Sikula chakula cha usiku, na hakuna aliyeniita kula.

Sikung'oa. Asubuhi ya maonyesho Abla aliukuta ubao pahala pake, akakaza midomo, akabandika juu yake ukanda wa karatasi ulioandikwa kwa kalamu nene: Mji wa Kale, India. Karatasi ilifunika maganda yote. Nikawekwa nyuma ya meza pamoja na ndoo ya maji ya kuonyeshea mabirika.

Wazazi walijaa ukumbini kwa safu, wanawake watupu, abaya nyeusi na udi. Mama na Bibi walikaa safu ya nne. Bibi hakunitazama. Wa mbele walikuwa mama za koo kubwa, mamake Shaikha akiwa katikati yao na dhahabu zake. Ngome za Nizwa zilipita moja moja, mviringo, mviringo, mviringo, mpaka mgeni wa heshima, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutulia, alipofika kwenye meza yetu na kusimama.

Shaikha alieleza vizuri. Nilikuwa nimemwandikia mwenyewe kila neno. Alifika mabirika, nikamimina maji, yakashuka kwenye mitaro kama yanavyotakiwa, na watu wakasema masha Allah. Kisha mgeni akauliza jambo ambalo sikuliandika: "Na watu wa mji huu, walikwenda wapi?"

Shaikha alisita. Akamtazama Abla, akatazama mji. "Walifukuzwa," alisema. "Alikuja adui akawafukuza wote siku moja."

Lilikuwa jibu langu la zamani, neno kwa neno, na kulisikia katika kinywa cha mtu mwengine kuliniuma. Nilikuwa nimefyatua tofali kwa tofali. Nimeupiga kwa mchi nikaujenga tena. Watu wa mji ule mimi ndiye niliyewaweka, na nisingekubali wafukuzwe mbele yangu.

"Uongo," nilisema, na nikatoka nyuma ya meza. "Hakuna aliyewafukuza. Walikuja wenyewe na wakakaa mpaka maji yalipokwisha, na wakaondoka kwa wakati wao."

"Rudi nyuma," alisema Abla.

"Mji huu ulikua kwa wageni, Abla. Kila ukuta hapa umeongezwa kwa sababu walikuja wengine. Ukuta huu wa kwanza, huu wa pili, na huu. Wangefunga mlango, ungebaki ngome." Kiarabu changu kilikuwa kimepinda pale kuliko siku zote, dume na jike vimepandana, na nilisikia mtu akicheka upande wa kulia. Nikaona basi, kama ni kuchekwa, nichekwe kwa kitu kizima. Nikaushika ukanda wa karatasi kwa ncha na kuubandua. Ulitoka na nyota moja.

Abla alinishika bega. Mgeni wa heshima aliinua mkono kumzuia, akainama karibu na maganda ya mayai. "Herufi nazijua," alisema, "lakini maana siipati. Kumeandikwa nini, binti?"

Ningeweza kumfasiria kwa Kiarabu. Nilitazama safu ya nne. Mama alikuwa ameinamisha kichwa na kunitikisia, la, la. Nikajaza kifua pumzi, na badala ya kufasiri nikalisema lenyewe, kwa sauti ile ile mtu anayopiga akiwa nje ya nyumba ya watu na hajui wako ukumbini au uani.

"Hodi hodi!"

"Karibu!"

Lilitoka safu ya mbele. Alikuwa mamake Shaikha. Aliupandisha mkono haraka mdomoni, bangili zikalia, lakini lilikuwa limeshatoka. Na nyuma yake likatoka jengine, na jengine, upande wa dirisha, karibu na mlango, kutoka kwa wanawake niliowaona kila Jumatano sokoni na ambao sikuwahi kuwasikia hata silabi moja ya Kiswahili: karibu, karibu mwanangu, karibu ndani. Walitazamana. Wengine walikuwa majirani kwa miaka kumi na kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake lugha yake. Mtu aliyelelewa kule anaweza kuzuia mengi, lakini hawezi kusikia hodi akanyamaza. Mama naye alisema, kwa sauti ndogo, kichwa bado chini. Wa mwisho alikuwa Bibi, naye alisimama.

"Karibu," alisema Bibi, akinitazama mimi peke yangu. "Wenyewe tupo."

Abla alimuuliza Shaikha wanasema nini. Shaikha alikuwa anamtazama mama yake. Mgeni wa heshima alivuta kiti, akakaa mbele ya meza yetu na kuniashiria niendelee. Nikaanza upya tangu ile ngome ndogo, kwa Kiarabu changu hicho hicho, na sikuketi mpaka nilipomaliza.